Adhel wa Nawoitorong, Aliyeitwa Kanada Akabaki

Wasifu wa marehemu Adhel Mabil Erupe, ulioandikwa na familia na kusomwa na wifi yake, Nasike Ereng, nyumbani Nawoitorong, Lodwar, Jumamosi tarehe 20 Machi 1999.

Ndugu waombolezaji, mliotoka Kakuma alfajiri katika msafara unaolindwa na askari, mliotoka Lokiriama mkalala njiani, na ninyi majirani ambao hamjatuacha tangu Jumapili, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Tunamsindikiza Adhel Mabil, mke wa kaka yetu Erupe. Adhel hakupenda hotuba ndefu, na aliyezidisha maneno mbele yake alikatizwa kwa kikombe cha chai. Leo hayupo wa kutukatiza, kwa hiyo mtatuvumilia kidogo.

Adhel alizaliwa mwaka 1966 katika kijiji kimoja karibu na Bor, kusini mwa Sudan, akiwa kifungua mimba wa Mzee Mabil na Mama Agot. Karatasi zake zote zinasema alizaliwa tarehe mosi Januari. Tarehe hiyo alipewa na karani wa kambi, kama walivyopewa maelfu ya wenzake, kwa sababu mama yake alihesabu miaka kwa mvua na kwa mifugo, akakumbuka tu kwamba mtoto alikuja ng'ombe wakirudi kutoka malisho ya kinamasi. Kila Januari mosi Adhel aliteleka sufuria kubwa ya chai na kuita jirani yeyote aliyepita, akisema hawezi kusherehekea peke yake siku ambayo kambi nzima imezaliwa. Walizaliwa watoto wengine nyuma yake, lakini aliyebaki hai ni mmoja tu, kaka yake mdogo Kon, aliyezaliwa mwaka 1976. Kon alikulia mgongoni kwa dada yake.

Alianza masomo katika shule ya misheni karibu na Bor na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1981. Akapelekwa Juba, sekondari ya wasichana, akafika kidato cha pili. Vita vilipoanza mwaka 1983 karo ikakatika na njia ikafungwa, akabaki Juba kwa mama mmoja aliyempangisha chumba. Mama huyo ndiye aliyemfundisha kutarizi milaya, yale mashuka meupe yanayopambwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi. Adhel alikuwa akisema kwamba shule ilimpa Kiingereza cha kuombea kazi, na sindano ikampa kazi yenyewe. Mwaka 1988 alirudi nyumbani kumlea Kon, kwa kuwa mama yao alikuwa mgonjwa. Waliokuja kumposa miaka ile waliambiwa wangoje kijana akue. Wengine walingoja, wengi wakaenda kwingine, naye hakusikitika.

Mwishoni mwa mwaka 1991 vita vilifika Bor. Wazazi wake wote wawili waliuawa. Adhel alimshika Kon mkono wakaondoka na waliobaki, wakapita Torit, wakapita Kapoeta, wakakaa Narus hadi Narus nayo ikawa haikaliki. Walivuka mpaka Lokichoggio na kufika Kakuma mwezi Julai 1992. Safari hiyo hakupenda kuisimulia, nasi hatutaisimulia kwa niaba yake.

Kakuma hakukaa bure. Alipata sindano, akapata kitambaa cha magunia ya unga, akaanza kutarizi mbele ya kibanda chake. Kiswahili alifundishwa na wanawake wetu wa Kiturkana waliokuwa wakipeleka kuni na makaa kambini, ndiyo maana hadi mwisho kilikuwa Kiswahili cha kubishana bei. Ukimwuliza habari za asubuhi, alikujibu kana kwamba umetaka kumpunja. Tusifiche jambo: miaka ile wenyeji na watu wa kambini walitazamana kwa jicho la pembeni. Kuni zilileta ugomvi, maji yalileta ugomvi, na pande zote mbili zimezika watu. Adhel alikataa kuwa upande. Mwanamke akifika kwake na mzigo wa kuni alisalimiwa kwa Kiturkana, "Ejok!" kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili, akapewa maji ya kunywa kabla ya bei kutajwa.

Sifa za milaya zake zilifika hapa Nawoitorong, kwa kina mama wenye nyumba ya wageni. Mwaka 1994 walimwombea kibali cha kutoka kambini, akaja kufundisha kutarizi. Ndipo alipoonwa na kaka yetu Erupe, fundi wa pampu za visima katika idara ya maji. Erupe alikuja kurekebisha pampu ya pale, pampu ikapona, naye akaendelea kuja. Akanunua shuka. Wiki iliyofuata akanunua shuka la pili, kisha la tatu.

Adhel akamwuliza, "Wewe uko na vitanda ngapi?"

"Hakuna kitanda," Erupe akajibu. "Mimi nalala kwa ngozi."

"Sasa shuka ya nini?"

"Hiyo ndio nilikuwa nataka uniulize."

Wanaomjua Erupe wanajua kwamba hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema kwa siku moja. Mwaka mzima ulipita kabla Adhel hajakubali, na hata alipokubali aliweka sharti: hataolewa kwa kutoroka kama mtu asiye na kwao. Wazazi wake walikuwa wamekufa, ng'ombe wao walikuwa wametekwa, lakini alitaka mahari yapokelewe na mtu wa damu yake, yaani Kon, na yazungumzwe na wazee wake. Alituambia waziwazi kwamba asiyetolewa ng'ombe, kwao Wadinka, ni mgeni nyumbani kwa mume hadi kufa. Alikuwa amechoka kuwa mgeni.

Mazungumzo ya kwanza yalifanyika tarehe 16 Desemba 1995, ukingoni mwa kambi ya Kakuma. Upande wa bibi harusi alizungumza Mzee Majok, ambaye yupo hapa leo na ametupa ruhusa ya kuyasema haya. Upande wetu alizungumza kaka yetu mkubwa, Losike, mchungaji wa mifugo ya familia kule Lokiriama. Losike alifika na kundi zuri la mbuzi, mwanzo wa mahari kwa desturi yetu, maana kwetu Waturkana mbuzi ni mahari, ngamia ni mahari, ng'ombe ni mahari. Vijana wa Kidinka walipoona wageni wengi na mbuzi wanono, wakashukuru kwa ukarimu, wakawachagua wanne walionona zaidi, wakachinja, wakachoma. Sisi tukaangaliana. Nyama ikaliwa. Mfupa wa mwisho ulipotupwa, Losike akasimama na kuanza kuimba wimbo wa kumsifu dume wake wa ng'ombe, kama tufanyavyo kwenye sherehe, na akina mama wetu wakapiga vigelegele hadi vumbi likatimka.

Mzee Majok akafuta mdomo. "Hii furaha ni ya nini?"

"Umekula mahari, mzee," Losike akamwambia. "Sasa bibi ni yetu."

"Mahari gani? Mimi ng'ombe sijaona hata mkia. Hii tumekula ni mboga."

"Unakula mali ya mtu, halafu unaita mboga?"

"Kwetu mbuzi haioi mtu. Khalas."

Fahali wawili hawakai zizi moja, na hapo walikuwa wamekutana. Fimbo zilianza kuokotwa. Bibi harusi, kwa mila za pande zote mbili, hakutakiwa kuonekana siku hiyo. Adhel akatoka ndani hata hivyo, akasimama katikati ya wazee na sindano yake bado mkononi. "Kama mnapima na tumbo," alisema, "wote mmeshiba. Kaeni chini."

Walikaa. Mama yetu Nawoi alicheka hadi akashika mbavu, na siku hiyo hiyo akatamka mbele ya wote kwamba huyo ndiye mkamwana anayemtaka. Kisha akakata shauri. Mbuzi walioliwa wahesabiwe chakula cha ujirani, waliobaki warudi Lokiriama, na Losike alete ng'ombe. Losike alinuna njia nzima hadi Lodwar, lakini alikubali.

Ng'ombe walikuwa bado wanatafutwa pale majina yalipobandikwa kwenye ubao wa kambi, Januari 1996. Kanada ilimwita Adhel Mabil, na chini yake kaka yake Kon, kama mtu anayemtegemea. Walikuwa wameomba zamani kuhamishiwa huko, wakasahau. Kambi nzima ilikuja kumpongeza. Mzee Majok alimwambia aachane na mambo ya mahari apande ndege, kwa maana Kanada mtu hupewa makazi ya kudumu, na hapa anapewa kibali cha wiki mbili. Wengine walimkumbusha usiache mbachao kwa msala upitao, wala hawakukubaliana mbachao ulikuwa upi na msala upi. Sisi upande wa Erupe tuliumia. Erupe mwenyewe alimwambia aende, kisha akaenda zake kutengeneza kisima ambacho hakikuwa kimeharibika.

Adhel hakuogopa kubaki. Kilichomtesa ni Kon. Jina la kaka lilining'inia kwenye jina la dada, na akilikata lake, la Kon lingeweza kuanguka pamoja nalo. "Kama mimi nitaolewa na Kon afungiwe hapa," alimwambia wifi yake, "kila siku nikimwangalia nitaona ndege." Hata hivyo alikwenda ofisi ya wakimbizi kuomba jina lake litolewe na la Kon libaki, akavaa nguo yake ya kanisani, akazungumza Kiingereza chake cha Juba. Ofisa akamweleza kwamba kijana alikuwa ameandikwa kumtegemea yeye, na akijitoa, huenda ombi zima likarudishwa mwanzo.

Adhel alimjibu, "Nilimbeba mpaka akakua. Ana miaka ishirini. Mpeni njia yake, anajua kutembea."

Kon aliitwa, akahojiwa peke yake mara kadhaa, akaulizwa ataishije bila dada. Tulingoja. Adhel alikonda miezi ile, akawa anafumua maua aliyokwisha kuyatarizi na kuyaanza upya. Tarehe 22 Aprili jina la Kon lilibandikwa ubaoni likiwa peke yake. Adhel alilisoma, akalisoma tena, akaketi chini mbele ya watu wote akalia kwa furaha na kwa uchungu, na hakutaka mtu amnyamazishe.

Hapo ng'ombe walikuwa wamepatikana, na kikazuka kikwazo kingine. Mkimbizi haruhusiwi kufuga kambini. Na hata angeruhusiwa, Kon alikuwa akienda nchi ya theluji. Mzee Majok akauliza, na haki alikuwa nayo, "Mahari gani hii inabaki kwa mwenye kuoa?" Safari hii Losike, aliyekuwa bado na kinyongo cha mboga, ndiye aliyefungua fundo. Alieleza kwamba kwetu hakuna tajiri anayeweka mifugo yake yote zizi moja. Huigawa kwa marafiki, rafiki anachunga, anakunywa maziwa, lakini mnyama na ndama wake ni wa mwenyewe, na anayedhulumu rafiki wa mifugo hana wa kumkimbilia siku ya ukame. "Kon awe rafiki yangu wa mifugo," alisema. "Aende Kanada. Ng'ombe yake iko."

Mwezi Mei Kon na Mzee Majok walipewa kibali, wakaenda hadi Lokiriama. Kon aliwakata ng'ombe masikio kwa alama ya baba yake, alama ambayo haikuwa imeonekana kwenye sikio la ng'ombe yeyote tangu Bor. Mzee Majok aliwatazama wote mmoja mmoja, akakuta kasoro kwa wawili, wakabadilishwa. Kisha akasema mahari yamepokelewa, na Losike akamchinjia mbuzi, akimwonyesha mapema kwamba huyo ni mboga.

Adhel na Erupe walifunga ndoa kanisani hapa Lodwar tarehe 1 Juni 1996. Jioni Erupe alimchoma mkuki dume wa ng'ombe mbele ya boma hili, jambo linalokamilisha ndoa kwa desturi yetu, Mama Nawoi akamvisha mkamwana shanga zake mwenyewe, na Adhel akaingia katika ukoo wetu kama mke wetu mwingine yeyote. Mwezi Agosti Kon aliruka. Uwanjani dada alimshika uso kwa mikono miwili, akamwambia asome, asali, na asioe mtu asiyejua kupika. Kon anaishi Winnipeg, anafanya kazi na kusoma, na kila anapopiga simu huuliza kwanza ng'ombe, kisha watu. Losike hujibu kwa mpangilio huo huo. Mwaka jana tu Mzee Majok alipata fungu lake, ndama dume kutoka kwenye uzao wa ng'ombe wa Kon.

Mungu aliibariki ndoa hii kwa watoto wawili. Agot alizaliwa Mei 1997 akapewa jina la bibi yake wa Bor. Ereng alizaliwa tarehe 9 Septemba 1998 akapewa jina la marehemu baba yetu. Adhel aliendelea kufundisha, na wanafunzi wake, wa hapa na wa kambini, mnawaona wameketi pamoja pale mbele. Alikuwa mkali. Mshono ukienda upande alikufumulisha hadi mwanzo, na ukilalamika alikwambia kitambaa hakijui kabila la aliyekikosea.

Baada ya kumzaa Ereng miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumkatika. Hospitalini Lodwar daktari alieleza kwamba moyo ulikuwa umepanuka. Alipewa dawa, akapata nafuu Novemba, akazidiwa tena Januari, akapelekwa Eldoret na kurudishwa mwezi Februari. Kon alipiga simu kwenye ofisi ya kikundi cha kina mama, akilia. Akamwambia amwachie atafute njia ya kumhamishia Kanada, yeye na mume na watoto, kwa kuwa kule madaktari wapo wengi. Adhel alimsikiliza hadi mwisho.

"Kon," alisema, "nikipona nitakuja kukutembelea nione hiyo baridi yako. Kuhamia, mimi nilishahamia."

Akamwuliza amekula nini siku hiyo. Aliitunza familia yake hadi wiki ya mwisho, akitoa amri akiwa kitandani, na kitanda hicho, tuseme ukweli, Erupe alikinunua kwa amri yake. Jumapili tarehe 14 Machi 1999, baada ya ibada, alinyonyesha mtoto, akaomba maji, akalala. Hakuamka. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, kwa hesabu ya karani. Kwetu sisi ni michache mno, na tunasema wazi kwamba inatuuma.

Ameacha mume wake, Erupe Ereng. Watoto wake, Agot na Ereng. Kaka yake Kon Mabil, ambaye karatasi zake za kusafiria hazijatoka na ambaye saa hii yuko macho huko aliko, akisali pamoja nasi. Shemeji yake Losike na wifi yake Nasike. Mzee Majok, aliyesimama mahali pa baba. Na wanafunzi wake wote.

Ameacha pia mama mkwe, Mama Nawoi Ereng. Wengi mmeuliza kwa nini kaburi liko ndani ya boma, kando ya zizi, na si makaburini. Jumatatu Mzee Majok alifika kutoka Kakuma akiwa na neno zito. Kon na watu wa kambini walikuwa na hofu, kwa kuwa wamesikia kwamba zamani kwetu mtu wa kawaida hakuzikwa bomani, na mgeni ndiyo kabisa. Walitaka kumchukua akalale Kakuma, kati ya watu wake. Mzee alilisema hilo kwa heshima, akisimama.

Mama Nawoi alimshika mkono, akamwongoza hadi pale karibu na zizi la mbuzi, mahali alipotuonyesha sisi watoto wake tangu baba yetu alipofariki, penye mawe manne, ubavuni mwa kaburi la mume wake.

"Mzee, hii mahali ilikuwa yangu," alisema. "Mimi nimepatia yeye. Mimi nitatafuta ingine."

Mzee Majok akavua koti, akaomba jembe, na udongo wa kwanza wa kaburi hili ameuchimba yeye.

Adhel, mke wetu, lala kwako. Mungu akupe pumziko la amani.